Noah ya D-4 inatetemeka asubuhi, fundi anasema ni kaboni kwenye vali: nimwage dawa au nifungue?

Mkaazi wa Chumbageni:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo nimeahidiana na fundi. Nina Toyota Noah yenye injini ya 1AZ-FSE, ile ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ninayoitumia kupeleka watoto shuleni asubuhi na kuwarudisha mchana hapa hapa Tanga mjini. Nikiiwasha alfajiri, gari linatetemeka kwenye sailensa, yaani likiunguruma bila kukanyagwa mafuta, mpaka vioo vinagonga, taa ya injini inawaka na mara nyingine inapepesa, na nikikanyaga mafuta linakosa nguvu. Mashine ya kupimia imetoa namba za makosa P0300 na P0303. Fundi anasema ni kaboni iliyoganda kwenye vali za kuingizia hewa, na nimesoma kwamba injini za aina hii zina ugonjwa huo. Ninachouliza ni kimoja tu: nimwage dawa ya kusafishia kupitia throto, mlango wa hewa wa injini, ikiwa inaunguruma, au nimruhusu fundi afungue manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa? Tafadhali msinishauri niuze gari, kwa maana ndilo linalolipa ada za wanangu.

Baba Pongwe:
Ndugu yangu, usijisumbue na manifoldi. Nunua ile dawa inayomwagwa kwenye tangi, jaza petroli, kisha nenda Muheza na kurudi bila kusimama. Mimi nilikuwa na Carina mwaka 2009 ikatetemeka namna hiyo hiyo, nikafanya hivyo mara mbili, na ikatulia mpaka siku niliyoiuza kwa mtu wa Korogwe. Carina ile sitaisahau, ndiyo niliyomzikia mzee wangu Lushoto na kumwozea binti yangu, na haikuwahi kuniacha njiani.

Gereji Makorora:
Baba Pongwe, ushauri wako ulifaa kwa Carina yako kwa sababu nozo zake, yaani vipulizia petroli, zilikuwa kwenye njia ya hewa, nyuma ya vali. Kila zilipopuliza, petroli iliosha mgongo wa vali kabla ya kuingia kwenye silinda, kwa hiyo dawa iliyokuwa ndani ya petroli nayo ilifika pale. Katika injini ya D-4 nozo imewekwa ndani ya silinda yenyewe, na pampu inayoendeshwa na kemshafti inasukuma petroli kwa shinikizo linalozidi lile la mfumo wa zamani kwa zaidi ya mara 20. Petroli haigusi mgongo wa vali hata tone. Kinachopita pale ni hewa, pamoja na mvuke wa oili unaotoka tumboni mwa injini kupitia bomba la kupumulia, pamoja na moshi wa ekzosi unaorudishwa ndani na mfumo wa EGR. Oili inanata kwenye vali yenye moto, masizi yanaing'ang'ania, na baada ya kilomita nyingi unakuta ukoko mweusi kama wa sufuria ya wali uliosahauliwa jikoni. Dawa ya tangi itasafisha ncha za nozo na pengine kichwa cha pistoni, lakini haina njia ya kuufikia ukoko huo.

Hili si kosa la Toyota peke yake. Mitsubishi walipoanza kuuza injini zao za GDI, za mtindo huu huu, mwaka 1996 walikutana nalo, na Volkswagen na Audi wamelijua vizuri sana katika injini zao za FSI. Toyota wenyewe baadaye walitengeneza D-4S, yenye nozo mbili kwa kila silinda, moja ndani na nyingine kwenye njia ya hewa, na ile ya nje huiosha vali kama zamani. Noah yako haina nozo hiyo ya pili.

Kabla sijakujibu swali lako, nijibu wewe langu. P0300 maana yake ni kwamba silinda zinakosa kuchoma bila mpangilio, lakini P0303 inaitaja silinda ya 3 kwa jina. Kaboni kwa kawaida huganda kwenye silinda zote, hata kama si kwa unene mmoja. Je, umebadilisha plagi na koili ya silinda ya 3? Gari linakula oili? Na kuna mtu aliyewahi kufungua manifoldi hiyo?

Mama Samaki wa Deep Sea:
Mimi nilikuwa na Nadia ya D-4, nikibebea samaki kutoka Deep Sea kila alfajiri, na niseme bila kumwonea mtu kwamba wengi wetu tunajiletea wenyewe maradhi haya. Tunamwaga oili tukikumbuka, tunanunua ya bei rahisi iliyofungwa kwenye chupa zisizo na jina, halafu tunashangaa injini inapoziba. Mkaazi, kaa uhesabu ni lini umemwaga oili mara ya mwisho. Ukishamaliza kuhesabu, ndipo uzungumze habari ya dawa.

Mkaazi wa Chumbageni:
Nawashukuru. Dada yangu, oili namwaga kila kilomita 5,000, na ninayo risiti ya kila mara. Gereji Makorora, plagi ni mpya, na koili nimeihamisha kutoka silinda ya 3 kwenda ya 1 lakini kosa limebaki pale pale kwenye 3. Oili inapungua kidogo, pengine lita moja kwa wiki mbili. Hata hivyo sidhani kwamba hilo linahusiana na swali langu, ambalo ni dawa au kufungua.

Gereji Makorora:
Linahusiana sana. Gari linalokwenda safari fupi za mjini na kumaliza lita moja ndani ya wiki mbili si gari linalopunguza oili kidogo. Na swali langu la tatu umelipita. Manifoldi iliwahi kufunguliwa?

Mkaazi wa Chumbageni:
Ilifunguliwa wiki tatu zilizopita. Sikulitaja kwa sababu kazi ile ilikwisha na niliona inavuruga maelezo. Gari lilikuwa limeanza kutetemeka kidogo tu, fundi akafungua, tukaona kaboni kwa macho yetu, naye akasema Ulaya wanaisafisha kwa kuipiga upepo wenye punje ngumu. Alichukua mashine ya kupiga mchanga inayotumika kuondoa kutu kwenye mageti na maboti, akapiga mchanga kwenye matundu yote manne mpaka vali zikang'aa. Siku ya kwanza gari lilikuwa jepesi ajabu. Utetemekaji huu wa sasa ulianza siku ya tatu, na moshi wa bluu ukafuata. Fundi anasema ni mabaki ya kaboni yanayotoka, na kwamba dawa ikimwagwa kupitia throto itayamalizia.

Baba Pongwe:
Subhanallah. Mchanga?

Mama Samaki wa Deep Sea:
Ndugu yangu, ungelianza na hilo. Tumekuwa tukizungumza habari za mvuke wa oili kumbe mgonjwa amelishwa mchanga.

Mkaazi wa Chumbageni:
Naomba nisieleweke vibaya. Fundi huyo ni shemeji yangu, amenitengenezea magari kwa miaka kumi na mmoja, na hakunitoza ufundi siku hiyo. Mchanga wenyewe aliuchekecha na kuukausha kwanza. Isitoshe, tumeshaagiza injini ya mtumba Dar es Salaam iwapo dawa haitafaa, na nimeshatanguliza shilingi 600,000, kwa hiyo siwezi kurudi nyuma na kumwambia kwamba simwamini. Nilitaka tu kujua kama dawa ina madhara.

Mpenda Ukweli:
Nimeusoma uzi huu mara mbili na ninaona niseme ninachokiona. Mwanzoni umeuliza kama fundi aruhusiwe kufungua manifoldi, kana kwamba haijaguswa; sasa tunaambiwa ilifunguliwa wiki tatu zilizopita na ikapigwa mchanga. Mwanzoni ni "fundi", sasa ni shemeji. Kila ukiulizwa, hadithi inaota mguu mwingine. Tumewahi kuona humu watu wanaotunga kisa ili kumharibia jina fundi fulani, au ili baadaye aingie mtu wa kuuza dawa. Hakuna fundi wa miaka kumi na mmoja anayepiga mchanga ndani ya injini. Mimi siamini kama Noah hiyo ipo.

Baba Pongwe:
Mpenda Ukweli amenifungua macho. Hata mimi nilishangaa injini ya namna hiyo kuwaka siku tatu.

Mkaazi wa Chumbageni:
Nimeumizwa na maneno haya, lakini nakubali kwamba nilificha, na aliyeficha hana haki ya kulalamika anaposhukiwa. Sikutaka kulitaja kwa sababu mke wangu husoma jukwaa hili na fundi ni kaka yake. Nitaeleza nilichokiona nikiwa nimeshika taa. Shemeji alijua kwamba vali lazima ziwe zimefungwa. Alichomoa plagi ya silinda ya 1, akaingiza bisibisi ndefu, akazungusha injini kwa spana mpaka pistoni ikafika juu kabisa katika kubana hewa, akasema sasa imefunga. Kisha akapiga mchanga silinda ya 1, akaenda ya 2, ya 3 na ya 4 bila kuizungusha tena. Alipofika kwenye 3 nilisikia sauti imebadilika, ikawa kama mchanga unamwagika ndani ya debe, nikamwambia, naye akasema ni mwangwi. Akamaliza kwa kupuliza upepo mtupu, tukafunga.

Gereji Makorora:
Mpenda Ukweli, mimi namwamini, na sababu yangu haina huruma ndani yake. Injini hii inachoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Pistoni ya 1 ikiwa juu mwishoni mwa kubana hewa, silinda inayofuata katika mpangilio ndiyo kwanza inamaliza kuvuta hewa, pistoni yake ikiwa chini kabisa na vali zake za kuingizia zikiwa bado hazijafunga, kwa sababu huchelewa kufunga hadi pistoni ianze kupanda. Silinda hiyo ni ya 3. Mtu anayetunga angelitaja silinda yoyote, au angelisema mchanga uliingia kwenye zote. Huyu ametupa P0303 siku ya kwanza, kabla hajatuambia habari ya mchanga, na leo ametupa mkao wa krankshafti unaoielezea. Hata sauti ya debe aliyoisikia ndiyo yenyewe.

Sasa Mkaazi, nisikilize. Usimwage dawa yoyote, na usiiwashe injini hiyo tena, hata kwa kuisogeza uani. Taa inayopepesa ni petroli isiyoungua inayoingia kwenye ekzosi na kuunguza katalisti, kile kisafisha moshi, na mchanga ni mgumu kuliko alumini ya pistoni, kwa hiyo kila mzunguko unasaga ringi na ukuta wa silinda, na kinachosagwa kinashuka kwenye oili na kwenda kwenye beringi. Pima kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya silinda zote nne. Ile itakayokuwa chini, itilie oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi na upime tena: ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, ni vali.

Wanaotumia upepo wenye punje hutumia maganda ya jozi yaliyosagwa, ambayo yanakwangua kaboni bila kuchubua chuma. Nao huzungusha krankshafti kwa kila silinda, huhakikisha vali zake mbili zimefunga, na hufyonza punje wakati huo huo wa kupuliza.

Mama Samaki wa Deep Sea:
Na vifuu vya nazi, ambavyo Tanga tumejaliwa, je, havisagwi vikafanya kazi hiyo?

Gereji Makorora:
Vinasagika, lakini sijawahi kuvitumia kwenye vali na sitamshauri mtu awe wa kwanza. Asiye na maganda ya jozi afunge vali, ajaze tundu dawa ya kusafishia kabureta, aache iloweke, asugue kwa brashi ya nailoni na kijiti cha mbao, kisha afyonze uchafu wote kabla ya kuzungusha. Ni kazi ya siku nzima, na haihitaji mashine yoyote ya geti.

Mkaazi wa Chumbageni:
Nimepima leo asubuhi, shemeji akiwepo. Kwa kipimo cha psi, silinda ya 1 ni 170, ya 2 ni 165, ya 4 ni 170, na ya 3 ni 90. Tulipotia oili ya 3 ilipanda hadi 140. Shemeji alikaa chini ya mwembe kwa muda mrefu bila kusema neno, halafu akasema injini ya mtumba ataifunga bila kutoza chochote, na nusu ya bei yake atalipa yeye. Gereji Makorora, injini hiyo imefika stendi ya Kange jana na basi la usiku, nayo ni 1AZ-FSE vilevile. Niifunge hivyo hivyo?

Gereji Makorora:
Usiifunge hivyo hivyo. Iliyotoka Japani na kaboni yake itakusumbua kama ya kwanza. Ikiwa bado chini, toeni manifoldi, kwa sababu hapo mna nafasi pande zote na mwanga wa kutosha. Safisheni kwa kuloweka na brashi, silinda moja moja, mkizungusha kwa mkono na kutazama vali kwa tochi kila mara. Badilisheni vali ya PCV, ambayo ni rahisi kuliko plagi na ndiyo inayopitisha mvuke wa oili. Baada ya kuifunga, angalau mara moja kwa wiki nenda nayo Pangani na kurudi, kwa sababu injini isiyotoka Chumbageni haipati moto wa kutosha kukausha maji na petroli vinavyobaki ndani ya oili.

Mpenda Ukweli:
Mkaazi, nilikosea juu yako, na naomba radhi mbele ya wote walionisoma.

Mkaazi wa Chumbageni:
Yamekwisha, ndugu yangu. Tumefungua manifoldi ya injini mpya jioni hii. Vali za silinda ya 2 na ya 4 zina ukoko mnene kiasi cha kucha ya kidole gumba, za 1 na 3 zina ukoko mwembamba zaidi. Tumeanza na ya 1, na shemeji ndiye anayeshika tochi.