Tupeane uzoefu: Kulifufua tawi la chama cha wafanyakazi wa posta, Nakuru hadi Busia

Dirisha la Tatu, Kisumu

Tawi likilala, kelele ya kwanza huwa ni uchaguzi: mwenyekiti atoke, katibu atoke. Sawa, watoke, lakini anayeingia atarithi nini? Tawi lisilojua ni watu wangapi hasa wanaokatwa ada halisikizwi na mwajiri wala na makao makuu, hata likiongozwa na malaika. Tuweke hapa njia zinazofanya kazi: hatua, fomu, siku, na pale mambo yanapoharibika. Nani alimkosea nani tuyaache kwenye kibanda cha chai.

Naanza na daftari la wanachama. Safu nane zinatosha: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, namba ya mshahara, ofisi, kazi (kaunta, kupanga barua, kusambaza, EMS yaani barua za haraka, dereva), tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kutia sahihi Fomu S (ya kumruhusu mwajiri akate ada ya chama), na kinachosomeka kwenye peislipu ya mwezi uliopita. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Omba kila mtu apige picha ule mstari wa makato tu, afunike mengine. Mtakuta makundi matatu: wanaokatwa ada ya uanachama, wanaokatwa ada ya uwakala, na wasiokatwa chochote. Kundi la kati ndilo hushangaza, maana wengi wao wanajiita wanachama na hawamo.

Kipasha, Siaya

Swali fupi: huyo wa ada ya uwakala anaweza kupiga kura au kugombea?

Dirisha la Tatu, Kisumu

Hawezi, kwa sababu si mwanachama. Kifungu cha 49 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya 2007 kinaruhusu asiye mwanachama akatwe ada hiyo kwa kuwa ananufaika na mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, basi. Akitaka kura atie sahihi Fomu S. Huyu ndiye rahisi kuliko wote kumwingiza, kwani pesa tayari zinamtoka.

Bibi Stempu, Kakamega

Fomu S ndipo matawi mengi huteleza, nitaieleza polepole.

Fomu imo ndani ya sheria yenyewe, na kifungu cha 48 ndicho kinachoipa nguvu. Chama kikishamkabidhi mwajiri notisi, ana siku 30 za kuanza kukata. Kwa hivyo tarehe ya kukabidhi ndiyo kila kitu. Usimpe mtu wa ofisini mkononi ukaondoka. Tengeneza nakala mbili za orodha ya majina, moja ibaki kwao na moja ipigwe muhuri wa kupokea wenye tarehe, iingie kwenye faili. Sisi watu wa posta tunajua thamani ya muhuri wa tarehe kuliko mtu yeyote, halafu kwenye mambo yetu wenyewe tunausahau!

Fomu hukataliwa kwa sababu za kitoto: namba ya mshahara imekosewa tarakimu moja, jina ni la ubatizo ilhali peislipu ina jina la ukoo, sahihi ipo bila tarehe. Pia kuna aliyewahi kujiondoa kwa barua. Sheria inamzuia mwajiri kumkata mtu aliyemwarifu kwa maandishi kwamba ametoka chamani, kwa hivyo mtu huyo anahitaji fomu mpya, na msitegemee ile ya zamani.

Kusanyeni fomu kwa mafungu, msipeleke mojamoja. Fungu la fomu 20 na barua moja ya kusindikiza ni rahisi kufuatilia. Weka alama kwenye kalenda siku ya 31, na peislipu ya mwezi unaofuata uzikague zote. Ambaye hajakatwa, barua ya pili iende na nakala ya ule muhuri.

Mhesabu wa Nakuru

Hapo kwa makato niongeze jambo. Ada haiji tawini moja kwa moja. Inakwenda kwenye akaunti ya chama iliyotajwa, kisha tawi linapata mgao wake kulingana na katiba ya chama. Ndiyo maana daftari la Dirisha ni silaha: kila mwezi zidisha idadi ya wanaokatwa kwa kiwango cha ada, kisha kwa asilimia ya mgao, ulinganishe na kilichoingia. Tuseme wanachama 80 wanakatwa shilingi 300 kila mmoja na mgao wa tawi ni asilimia 25 (nimetunga hesabu, viwango vyenu vimo kwenye katiba). Hiyo ni 24,000, na tawi lipate 6,000. Ikiingia 4,200, kuna watu 24 waliopotea njiani. Pengine wamehamishwa ofisi na mgao wao sasa unahesabiwa kwa tawi lingine, pengine mwajiri amekata na hajawasilisha. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake tofauti. La kwanza linamalizwa kwa barua kwa katibu mkuu. La pili ni la kisheria, na ushahidi wake ni peislipu inayoonyesha makato pamoja na taarifa ya benki isiyoonyesha pesa.

Mishahara inapochelewa hili huongezeka, kwani chama hulipwa mwisho. Msiache miezi irundikane. Mwezi mmoja, barua moja.

Hazina ya tawi: akaunti kwa jina la tawi, watia sahihi watatu na wowote wawili watoe pesa. Michango isiingie kamwe kwenye M-Pesa ya mweka hazina. Hata akiwa mwaminifu kama nini, siku simu ikipotea au akipewa uhamisho kwenda Lodwar, hesabu zimekwisha. Na kwenye mkutano isomwe taarifa ya benki yenyewe, mstari kwa mstari. Muhtasari ulioandikwa na mweka hazina hautoshi. Inachosha, najua. Dakika kumi na tano tu.

Mfuko wa Kijivu, Bungoma

Haya yote ya makaratasi mazuri, lakini komredi, mwanachama hajiungi kwa sababu ya daftari. Anajiunga siku ameona mwenzake ameokolewa. Posta kesi nyingi ni upungufu wa pesa au stempu kwenye kaunta, na hapo tawi linaweza kusaidia kweli likijua vifungu viwili.

Cha kwanza ni kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Mkosaji mkubwa hapa huwa ni sisi: mwakilishi anaingia kwenye kikao mikono mitupu. Siku anayopokea barua ya kujieleza, mwanachama aipige picha na kuituma kwa katibu kabla ya kuijibu. Katibu aandike kuomba karatasi ya kufunga hesabu ya siku hiyo, hati ya makabidhiano ya zamu, ripoti ya mkaguzi, na orodha ya wenye funguo za sefu. Bila hizo, aombe kikao kisogezwe. Kumbukumbu za kikao hazitiwi sahihi mpaka zisomwe, na ukiona jambo limeachwa, liandike kwa mkono wako kabla ya sahihi.

Cha pili ni kifungu cha 19. Upungufu wa pesa unaweza kukatwa kwenye mshahara ikiwa umetokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Soma mkataba kwanza! Mpanga barua aliyewekwa kaunta kwa wiki mbili kushika nafasi ya mwenzake aliye likizoni, mkataba wake huenda hausemi hivyo. Na makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara, mkopo wa sacco ukiwamo.

Kinga yake: usitie sahihi makabidhiano ya stempu ambazo hujazihesabu. Foleni ikiwa hadi mlangoni, acha iwe hadi mlangoni.

Kipasha, Siaya

Na akishafutwa?

Mfuko wa Kijivu, Bungoma

Siku 90. Mzozo wa kufutwa kazi chama kinatakiwa kuuripoti kwa waziri wa leba ndani ya muda huo. Kisha huteuliwa mpatanishi, naye ana siku 30 za kusuluhisha. Wasipoelewana ni Mahakama ya Ajira, ambayo inakaa Kisumu na Nakuru, hakuna haja ya kwenda Nairobi. Siku 90 zinaonekana nyingi, lakini mtu hukaa nyumbani miezi miwili akiwa na aibu kabla ya kumpigia katibu simu. Wenzetu wa posta ya Marekani mkataba wao unawapa siku 14 tu kufungua lalamiko, na wamejizoesha.

Bibi Stempu, Kakamega

Jingine la kuokoa watu: ile safu ya tarehe ya kuajiriwa. Kazi zikipunguzwa, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri aarifu chama na afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, azingatie ukongwe kazini, na alipe kiinua mgongo kisichopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tawi lenye orodha yake ya ukongwe hulinganisha na ya mwajiri siku hiyohiyo. Lisilo nayo hupokea ya mwajiri na kushukuru.

Dereva wa Usiku, Luanda

Naomba nirudi kwa uchaguzi maana mwanzilishi wa mjadala ameupuuza. Uongozi mbovu ukibaki, hilo daftari litafungiwa kabatini. Ila ufanyeni ushike. Pateni nakala ya katiba iliyosajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi, si ile iliyopigwa chapa upya na mtu. Notisi, akidi na sifa za wagombea zifuate hiyo neno kwa neno, kwani hapo ndipo chaguzi hubatilishwa. Orodha ya wapiga kura ibandikwe mapema kwenye kila ofisi, watu waisahihishe kabla ya siku yenyewe. Na matokeo yamfikie Msajili ndani ya siku 14. Mkichelewa, kwa mwajiri na kwa benki waliong'olewa bado ndio viongozi.

Dirisha la Tatu, Kisumu

Nakubali hapo, dereva. Ila hiyo orodha ya kubandika inatoka wapi, kama si daftarini?

Kuhusu ofisi ndogo: kifungu cha 56 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinamtaka mwajiri aliyekitambua chama awaruhusu maafisa waingie kusajili watu na kufanya mikutano nje ya saa za kazi. Andika barua wiki moja mbele. Jumamosi kaunta zikifungwa, watu wawili kwa matatu moja humaliza Maseno, Luanda, Yala na Ugunja kabla ya giza. Bebeni fomu, kalamu tatu na kidau cha wino.

Dereva wa Usiku, Luanda

Ugunja anzeni nayo. Jumamosi wale huwahi kuondoka.