Pankeki zangu haziumuki, na embe la juu lageuka juisi. Nisaidieni

Bint Kibokoni:
Assalaam aleikum wapishi. Wifi yangu ashuka na watoto kutoka Nairobi wikendi hii, na watoto hao chai ya asubuhi bila pankeki hawaijui. Si chapati za maji, hizo nazipika nimefumba macho. Wataka zile nene, laini, za hoteli za Nyali, na matunda ya moto juu.

Zangu ama zalala bapa, ama zafura kidogo lakini zavutika mdomoni. Natia unga wa ngano vikombe 2, maziwa vikombe 2, mayai 2, beking pauda kijiko kimoja cha chai, sukari na chumvi. Nasaga kwa blenda mpaka pasibaki donge. Juu nachemsha embe na sukari na maji nusu kikombe, pankeki zalowa kabla watu hawajaketi. Tatizo ni unga, moto, au mkono wangu?

Mla Staftahi:
Waaleikum salaam. Blenda hiyo irudishe kwenye juisi. Unga wa ngano ukirowa kisha ukapigwa sana, gluteni yake yajifunga na kuvutana. Kwenye mahamri twaitaka, ndiyo maana twakanda. Kwenye pankeki yaharibu. Vikavu bakuli lake, vya majimaji bakuli lake, kisha vikutanishe kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane. Basi, acha hapo. Madonge madogo yataiva yenyewe. Na maziwa umezidisha, kikombe kimoja na nusu chatosha.

Kaka wa Likoni:
Maziwa sawa, lakini mimi nashuku beking pauda. Kwa vikombe 2 vya unga tia vijiko vitatu vya chai. Halafu yako ni ya mkebe, au ile ya kufungiwa kwenye karatasi dukani? Hewa yetu ina unyevu, na unyevu ndio unaoiamsha. Ikikaa wazi yajimaliza humo humo. Tia nusu kijiko kwenye maji ya moto. Ikitoa povu kwa fujo, nzima. Ikitulia, tupa.

Mama Zuu:
Mwanangu, jaribu maziwa lala badala ya maziwa matamu. Hapo beking pauda punguza iwe vijiko viwili, uongeze bekingi soda nusu kijiko cha chai. Ule ukali wa maziwa ukikutana na soda yatoka hewa, na hewa ndiyo inayoinua. Soda bila kitu kikali yaacha ladha ya sabuni, usithubutu. Ukishachanganya usikae sana, pika.

Moto sasa. Kikaango kizito, mafuta ya kupangusa tu, moto chini ya wastani. Moto mkali waunguza nje na ndani bado mbichi. Wajua vibibi, vile vya mchele na nazi? Basi tazama matundu vivyo hivyo: yakipasuka yakabaki wazi na kingo zikakauka, geuza, mara moja tu. Na usibonyeze kwa mwiko! Wajukuu zangu hubonyeza, sijui nani aliwafundisha.

Mpishi wa Zamu:
Mkitaka zipae kweli, tenganisha ute wa mayai, upige mpaka usimame, kisha uuchanganye polepole mwishoni.

Mama Zuu:
Asubuhi, na watoto washaanza kulia njaa? Haya, babangu.

Shangazi wa Kongowea:
Nimeona wote mmekimbilia unga. Embe je? Dada, hayo maji nusu kikombe ya nini? Embe lina maji yake. Chukua embe ngowe mbili zilizoiva lakini bado ngumu kidogo, zile za nyuzi achana nazo. Kata vipande, tia kwenye siagi kijiko kimoja, sukari vijiko viwili vya kulia, iliki na chembe ya chumvi. Dakika nne au tano. Majimaji yakizidi, toa vipande kando, chemsha rojo peke yake lizite, kisha virudishe. Ndimu kamua mwisho, ukishaepua.

Bint Kibokoni:
Shukran nyote. Blenda nimeiweka juu ya kabati. Na nikitumia nanasi? Nilifikiria hata kulitia ndani ya mchanganyiko.

Shangazi wa Kongowea:
Juu, sawa, ila lichemshe zaidi ya embe, na kornfulawa kijiko cha chai ulichoyeyusha kwa maji baridi (si unga wa ugali, tafadhali). Ndani, bichi, hapana: nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, yakawa machungu. Moto wakiua.

Kaka wa Likoni:
La mwisho: usizitie kwenye hotipoti kama chapati. Zatoa mvuke, zajilowesha zenyewe. Zitandaze kwenye waya au sinia pana, na rojo liweke bakuli lake, kila mtu ajimiminie mezani.

Mla Staftahi:
Wifi akibakisha, tupigie simu.