Msimu wa kwanza wa kocha mkuu mpya futiboli ya vyuo Marekani: tuupime kwa lipi?

Yadi100
Wakuu, naomba ufafanuzi. Colorado walimchukua Deion Sanders baada ya msimu wa 2022, walioshinda mechi 1 na kupoteza 11. Indiana wakamchukua Curt Cignetti baada ya 2023, ushindi 3 na vipigo 9. Wote wawili walijaza kikosi kwa wachezaji wa kuhama. Sanders akamaliza mwaka wake wa kwanza 4-8, Cignetti 11-2 na kuingia mchujo wa ubingwa. Dawa ileile, mbona mgonjwa mmoja hakupona? Na kufikia mechi ya nne hivi, unaangalia nini ili ujue kocha mpya anajenga kitu cha kudumu?

SafuYaMbele
Dawa haikuwa ileile, mkuu. Sanders alikusanya zaidi ya wachezaji 50 waliohama, wengi kutoka vyuo tofauti, na lugha tofauti za uwanjani. Cignetti alitoka chuo cha James Madison na wachezaji 13 aliokwisha kuwafundisha, pamoja na waratibu wake wote wawili: Mike Shanahan wa ushambuliaji na Bryant Haines wa ulinzi. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mazoezi Indiana walikuwa na watu wanaojua mfumo na wanaoweza kumwelekeza mwenzao bila kumsubiri kocha. Kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza ushambuliaji) Kurtis Rourke alitoka kwingine, chuo cha Ohio (si Ohio State), lakini alikuja akiwa mzoefu na akakuta mfumo uliotulia.

Colorado waliumia kwenye safu ya mbele. Kwotabeki wao Shedeur Sanders, mwana wa kocha, aliangushwa nyuma ya mstari mara 52 mwaka 2023. Wale watano wanaomlinda kwotabeki hawachezi mmoja mmoja. Mabeki wawili wa upinzani hupishana makusudi: wa pembeni anaingia ndani, wa ndani anazunguka nje. Safu iliyozoeana hubadilishana watu papo hapo, huyu anampokea wa mwenzake. Safu mpya, wote wawili wanamfuata mtu mmoja, na yule wa pili anapita bila kuguswa. Nguvu na kimo haviponyi hilo, linaponywa na marudio. Na kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliruhusu wakati huo vipindi 15 tu vya mazoezi katika majira ya kuchipua. Aliyejiunga baada ya hapo alianza mazoezi kamili Agosti, msimu ukiwa mlangoni.

Yadi100
Nimekupata. Lakini walianza 3-0, tena kwa kuwafunga TCU 45-42 ugenini. Hilo halikuwa dalili njema?

DauniYaTatu
Ilikuwa dalili ya kwotabeki mzuri na wapokeaji wazuri, basi. Safu ya mbele inaficha udhaifu wake mpaka ikutane na wapinzani wenye mabeki wazito. Mechi ya nne walikwenda Oregon wakachapwa 42-6.

Mechi inayofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni ya Stanford, Oktoba 2023. Colorado waliongoza 29-0 mapumziko, wakapoteza 46-43 katika muda wa nyongeza wa pili. Timu inayoongoza hivyo inatakiwa ikimbie na mpira: mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja saa inaendelea kutembea, pasi isiyodakwa inaisimamisha. Colorado msimu huo walikimbia wastani wa chini ya yadi 70 kwa mechi, kwa hiyo hawakuwa na namna ya kuila saa. Kila walipokwama baada ya pasi, Stanford walipata mpira mapema na muda wa kutosha.

Kwa hiyo usihesabu ushindi. Chukua karatasi, andika yadi za kila dauni ya kwanza (dauni ni jaribio; timu ina manne ya kusogea yadi 10). Timu inayopata 4 au zaidi mara kwa mara inabaki na chaguo la kukimbia au kurusha. Inayopata 0 au 1 inafika dauni ya tatu ikidaiwa yadi 8 au 9, ulinzi wote unajua pasi inakuja, na hapo ndipo kwotabeki anapondwa. Pia tazama kama kocha anambadilisha anayechagua mipango ya ushambuliaji katikati ya msimu. Colorado walimnyang'anya Sean Lewis kazi hiyo Novemba na kumpa Pat Shurmur. Safu haikugeuka ukuta kwa sababu hiyo.

KikosiMaalumu
Naongeza mawili. Ratiba kwanza. Indiana walifika 10-0 kabla ya kukutana na Ohio State, na huko wakalala 38-15. Mpigo mmoja wa Indiana wa kuondoa mpira kwa mguu ulirudishwa na Caleb Downs wa Ohio State yadi 79 hadi mwisho wa uwanja. Kocha mpya hutumia muda mwingi kwa ushambuliaji na ulinzi, vikosi maalumu (vya mipira ya kupigwa kwa mguu) vinabaki nyuma, na dosari yake huonekana mbele ya wapinzani wakubwa.

Pili, urithi. Kalen DeBoer alipokea Alabama kwa Nick Saban, kocha wa mataji mengi, mwaka 2024, akamaliza 9-4. Kwingine wangesherehekea, pale ilihesabika kushindwa. Ukiangalia kipigo cha Vanderbilt, 40-35, ulinzi wa Alabama ulibaki uwanjani zaidi ya dakika 42 kati ya 60. Hiyo si bahati mbaya, ni kushindwa kuwazuia wapinzani kwenye dauni ya tatu, wiki moja baada ya kuwafunga Georgia.

SafuYaMbele
Sahihi kabisa. Na tuwatendee haki Colorado: mwaka wa pili walijenga safu upya, wakamweka Jordan Seaton, kijana wa mwaka wa kwanza, alinde upande wa kushoto, wakamleta Robert Livingston kuongoza ulinzi, wakamaliza 9-4. Yadi100, ukitaka kumpima kocha yeyote mpya, anza na majina ya wale watano wa mbele. Wakibadilika kila wiki kufikia mechi ya nne, bado hajapata timu.