Dondoo la tangawizi linashusha TNF, lakini lenyewe bila LPS linaipandisha

seli_hai: Wakuu, natumia THP-1 (seli za damu ya binadamu zinazokuzwa maabara) zilizogeuzwa makrofeji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, kwa kemikali ya PMA. Dondoo la tangawizi (ethanoli, mikrogramu 100 kwa mililita) linakaa na seli usiku kucha, kisha naweka LPS (sumu ya ukuta wa bakteria) kuzichokoza. TNF-alfa, protini inayowasha mchochota, inashuka vizuri. Shida ni kwamba visima vya dondoo tupu navyo vinatoa TNF, na MTT (kipimo cha rangi cha uhai wa seli) inasoma asilimia 125. Hapo kuna dawa ya mchochota kweli?

pipeti: Bado huwezi kusema. TNF bila LPS mara nyingi ni endotoksini, yaani LPS ya bakteria, iliyokuja na mmea. Tangawizi inatoka udongoni. Chujio la mikromita 0.22 haliizuii na otoklevu ya kawaida haiimalizi. Ubaya wake ni huu: seli zikilala na endotoksini, asubuhi zinakuwa zimeshaizoea LPS na zinatoa TNF kidogo. Utasifu tangawizi bure. Punguza muda huo uwe saa 1 au 2, halafu visima vya dondoo tupu viongezee polimiksini B (antibiotiki inayoikamata LPS), mikrogramu 10 kwa mililita. TNF ikianguka, mchawi ni endotoksini.

kisima96: Hiyo 125 usiishangilie. Fenoli zinaweza kuigeuza MTT kuwa zambarau hata pasipo seli. Changanya midia (maji ya kulelea seli), dondoo na MTT bila seli uone. Osha seli kwa maji ya chumvi ya PBS mara mbili kabla ya MTT, au pima LDH, kimeng'enya kinachovuja seli ikifa, maana seli iliyokufa nayo haitoi TNF.

ELISA, kipimo chenyewe cha TNF, pia ina mitego. Tia TNF ya pikogramu 500 kwa mililita kwenye midia yenye dondoo. Ukisoma chini ya 400, dondoo linavuruga kipimo chenyewe. Na DMSO, kama ndiyo uliyoyeyushia, iwe ileile hadi kwenye kontroli: akiba ya miligramu 100 kwa mililita ukiizimua mara 1000 unabaki na asilimia 0.1.

seli_hai: Nimewaelewa. Polimiksini niiweke sahani nzima?

pipeti: Hapana, itakamata hata LPS unayochokozea. Ukitaka iwe kila kisima, chokoza kwa Pam3CSK4, kichokozi kisicho LPS, yenyewe inapitia kipokezi cha TLR2. Weka pia deksamethasoni, dawa inayojulikana kushusha mchochota, mikromola 1 kwenye kila sahani. Isiposhusha TNF, matokeo ya sahani hiyo yatupe.