Gripu mpya ya fimbo ya gofu inazunguka kwenye shafti

Wakuu, gripu (mpira wa kushikia) ya aini 7, fimbo ya gofu, imebadilishwa jana lakini bado inazunguka ukiipinda. Kosa liko wapi?

Jibu 1
Mkuu, mara nyingi ni mabaki ya utepe wa zamani. Kwangua mpaka shafti (ufito wa fimbo) iwe tupu, ifute, iache ikauke. Zungushia utepe mpya wenye gundi pande mbili, uache sentimita 1 ipite mwisho wa shafti, kisha uikunje ndani ya tundu. Ziba kitundu cha gripu kwa kidole, mimina spiriti ya madini (kiyeyushi cha rangi), tikisa, halafu imwage yote juu ya utepe. Palipobaki pakavu ndipo gripu hukwama. Isukume kwa mkupuo mmoja na unyooshe alama za gripu papo hapo.

Jibu 2
Linganisha vipimo pia. Gripu yenye tundu la inchi 0.600 kwenye shafti yenye kipenyo cha inchi 0.580 hukaa legevu, ongeza safu ya pili ya utepe.

Jibu 3
Shafti ikiwa ya grafaiti, kata gripu kuukuu kwa wembe wa ndoano, ukikata kuelekea nje. Kisu cha kawaida hujeruhi nyuzi za shafti, na tafadhali usilipuuze hili: shafti iliyochanwa huweza kuvunjika katikati ya pigo.