Nimfungeje Kima kupanda mlima Kitonga?

Wakuu, Jumamosi nakabidhiwa Kima, mdoli wetu, pale Morogoro, nimfikishe Iringa kwa mwenzetu anayefuata. Safari iliyopita nilimfunga nyuma ya siti ya pikipiki, upepo wa lori ukamng'oa sikio. Niliumia sana. Nimfungeje?

Fundi Msamvu: Mweke juu ya tangi, kifuani kwako. Mpira wa kufungia mizigo upite kwapani mwake mara mbili. Na ndani ya Mikumi usisimame kumpiga picha, ndugu yangu. Barabara inakatiza hifadhi kilomita 50 hivi, tembo wanavuka.

Dada wa Kihesa: Mvua ikianza, mfunike kwa nailoni. Pamba ikilowa inaoza. Kitonga usiyapite malori kwenye kona.

Asanteni. Sikio nimeshalishona, uzi mwekundu.