Mbwa ana vidonda na manyoya yanapukutika: ni upele, fangasi au nini? (Tanga)

Mgosi wa Pongwe:
Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa wa miezi 10, Simba, mlinzi wangu huku Pongwe. Wiki ya tatu sasa anajikuna usiku kucha, mnyororo unalia mpaka jirani kalalamika. Ilianza kwenye ncha za masikio, ikashuka kwenye viwiko na tumboni. Manyoya yametoka, ngozi ina magamba na vidonda. Dukani nilipewa unga wa viroboto, haukusaidia kitu. Jirani akasema oili chafu ya gari, nikampaka, akajilamba akatapika. Nisaidieni.

Makorora Finest:
Mkuu mtoe uani, mlete mwingine 😂

Bint Muheza:
Usimsikilize huyo. Wangu alikuwa na majipu mgongoni, kila moja lina kitundu juu. Kumbe funza wa nzi! Nzi hutaga mayai kwenye mchanga wenye kivuli, na wangu alikuwa halali pengine ila chini ya mwembe. Tulipaka mafuta ya mgando tukaziba vitundu, kesho yake tukawakamua mmoja mmoja. Wako ana majipu?

Mgosi wa Pongwe:
Hana majipu dada, ni ukavu na kujikuna tu.

Dokta wa Ng'ombe:
Mgosi, kwanza muogeshe kwa sabuni laini hiyo oili itoke. Ni sumu, inapita kwenye ngozi na anaimeza akijilamba.

Vidonda vya mbwa karibu vyote vinafanana vikishachubuliwa na kucha, kwa hiyo cha kuuliza ni vilianzia wapi na kama kuwashwa kulitangulia. Viroboto huanzia kiunoni karibu na mkia. Fangasi huacha duara lisilo na manyoya, mara nyingi bila kuwasha sana. Kuna utitiri wa demodeksi ambao mtoto wa mbwa huupata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya: manyoya hutoka kuzunguka macho na mdomo, na hauwashi mpaka bakteria waingie. Wako kaanzia masikio na viwiko, na hapati usingizi. Hapo nashuku upele, utitiri wa sakoptesi unaochimba ngozi.

Jaribu hili: sugua ncha ya sikio lake kwa vidole viwili. Akipiga mguu wa nyuma kama anajikuna, shaka inaongezeka. Na nyumbani kuna mtu anawashwa?

Mtazame tumboni pia. Vidoa vyekundu ambavyo ukibonyeza havififii ni damu chini ya ngozi. Hivyo pamoja na fizi nyeupe ni dalili ya homa ya kupe, usisubiri kesho.

Mgosi wa Pongwe:
Dokta, mguu umepiga kama ngoma! Na mwanangu ana vipele mkononi tangu juzi. Ninunue ivermectini ya ng'ombe, ile sindano ya kuua minyoo na wadudu, nimchome mwenyewe?

Dokta wa Ng'ombe:
Hapana! Ile chupa ya kawaida ina miligramu 10 kwa kila mililita, ukikosea kipimo kwenye mbwa wa kilo 15 unaweza kumuua. Mpeleke akwanguliwe ngozi, ipimwe kwa hadubini. Utitiri usipoonekana haina maana haupo, huwa wachache na wamejificha, daktari anaweza kumtibu kwa dalili. Akikuandikia predinisoloni kabla ya kipimo, muulize sababu, maana inatuliza muwasho huku utitiri unastawi. Mtoto naye aende zahanati.

Mgosi wa Pongwe:
Mrejesho: umeonekana mmoja tu, lakini umeonekana. Kapewa dawa, narudi baada ya wiki mbili. Mtoto kapewa losheni. Blanketi la Simba nimelichemsha, mke wangu kakataa lisirudi hata barazani. Swali la mwisho: mbwa wa jirani huwa anakuja kulala naye.

Dokta wa Ng'ombe:
Atibiwe wiki hii hii, la sivyo mtazunguka palepale.

Bint Muheza:
Na jirani mwambie oili yake airudishe kwenye gari.